Jiwe la Foleni

Mwaka huu likizo ya mwezi wa sita nilikuwa nimepanga kulala. Sisemi kupumzika, kupumzika ni neno la kwenye barua za kuomba ruhusa. Nasema kulala hasa, mchana, dirisha likiwa wazi, na nikiamka ninywe chai ya pili, nikae uani kwangu Mkuza nitazame kuku wa jirani wakichakura bustani yangu bila hata kuwafukuza. Nimefundisha jiografia sekondari kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila mwaka mwezi wa sita unanikuta sina sauti. Kipupwe cha Kibaha kinamfaa mtu mvivu. Jua halichomi, jasho halisumbui, kanga moja inatosha kujifunika. Mimi ni mvivu wa kuzaliwa, na wanaoniona nakimbia na chaki mkononi hawajui kwamba nakimbia ili nimalize nikalale.

Vita ndivyo vilivyoniharibia mpango. Havikuwa vita vyetu. Vilikuwa mbali, katika nchi ambazo mimi huwaonyesha wanafunzi kwenye ramani kwa ncha ya rula, na siku za mwanzo tulivisikiliza kwenye taarifa ya habari huku tunakula. Kisha petroli ikapanda bei. Nauli ikafuata. Zikafuata nyanya. Nilimuuliza mama anayeniuzia nyanya pale barabarani nyanya zake zina uhusiano gani na watu wanaopigana huko ughaibuni, akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, kwani nyanya zinakuja kwa miguu?" Nikalipa, nikaondoka. Miaka yote hiyo nafundisha usafirishaji na biashara ya dunia, na sijawahi kuueleza vizuri namna ile.

Jioni moja kaka mkubwa akapiga simu kutoka Dar. Huyu ni mtoto wa kwanza wa mama mkubwa, dada wa mama yangu. Mama alifariki nikiwa darasa la pili, na mama mkubwa akanichukua kwenda kwake Msimbu, Kisarawe, akanilea pamoja na wanawe watatu wa kiume. Kwa hiyo nikisema kaka ndio hao, na nikisema mama, mara nyingi ni yeye. Sasa anaishi peke yake. Wanawe walikuwa na utaratibu wa kwenda kumwona kwa zamu, kila mwezi mmoja wao anakwenda na sukari, mchele na dawa zake za presha. Nauli zilipopanda zamu zikaanza kuyumba, na mwezi wa tano hakwenda mtu.

"Hatuwezi kuendelea hivi," kaka alisema. "Mafuta haya hayashuki leo wala kesho. Mama aje kwako Mkuza. Una kile chumba cha uani, na mpangaji keshaondoka."

"Mmemwambia?"

"Amekataa. Ndiyo maana nakupigia. Nenda kakae naye wiki tatu, umlainishe taratibu, urudi naye. Wewe si uko likizo, unakaa tu."

Hilo "unakaa tu" liliniudhi, na jibu lake nilikuwa nalo, lakini nikalimeza. Nilikubali haraka kuliko ilivyostahili, na sababu yake naona aibu kuisema. Niliwaza kwamba Msimbu nitalala vizuri kuliko Mkuza, na kwamba mama mkubwa atanipikia.

Nilimkuta anafagia uwanja. Alikuwa amepungua mwili tangu nilipomwona mara ya mwisho, kanga imemzunguka karibu mara mbili, lakini ufagio ulikwenda kwa mistari ile ile iliyonyooka niliyoikuta nikiwa mtoto, na mtu akikanyaga mistari hiyo kabla ya saa tatu asubuhi anasemwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wamekutuma."

"Nimekuja kulala," nikasema, na haukuwa uongo mtupu.

"Basi lala," akajibu, akaendelea kufagia. Hakuligusa tena jambo lile kwa karibu wiki tatu.

Nililala. Nililala mpaka shuka likaniandika shavuni. Lakini haikuchukua siku nyingi nikagundua kwamba katika uvivu mimi bado ni mwanagenzi, na bingwa nimemkuta pale. Kwa mama mkubwa kipupwe ni majira ya kukaa. Mahindi ameshavuna, mihogo iko ardhini, chini ya mikorosho ameshapalilia. Akimaliza swala ya adhuhuri anatandika mkeka kwenye baraza ya nyuma, anaegemea ukuta, ananyoosha miguu, na anakaa. Hachambui mchele. Hasuki ukili. Redio ipo na haiwashi. Simu yake hulala chini ya mto na huitoa inapolia tu. Hasinzii pia, macho yake yako wazi yanatazama kuku, yanatazama wingu, yanatazama mpaka wa shamba, hayatafuti kitu. Nilijaribu kukaa hivyo pembeni yake. Muda si muda mkono wangu wenyewe ukaanza kupapasa mkeka kutafuta simu, naye akauona.

"Umeshachoka kupumzika?" akauliza.

Nilimwonea wivu, na wivu ule ulikuwa na heshima nyingi ndani yake. Nimewahi kupelekwa semina za kupunguza msongo wa mawazo. Tulipewa chai, sambusa na fomu ya kujaza, na mwezeshaji aliyetufundisha kutulia alikuwa anatazama saa yake kila dakika. Huyu bibi wa Msimbu asiyejua hata kwamba kuna semina za namna hiyo alikuwa anakaa saa mbili nzima, na akinyanyuka ananyanyuka kama mtu aliyekula akashiba.

Siku ya tano haya zikanishika. Nimekuwa mgeni wa kulishwa, na nina miaka hamsini. Nikaamua kusafisha nyumba. Nikaanzia chumbani kwake, nikatoa vyombo, nikapangusa, na nyuma ya mlango nikakuta jiwe. Lilikuwa na ukubwa wa nazi iliyofuliwa, jeusi, limekwaruzika upande mmoja na upande wa pili limelala bapa. Msimbu ni mchanga mtupu. Jiwe la maana hulikuti hivi hivi. Nililigeuza mkononi nikaona limenijia kwa wakati wake, maana kipupwe huwa kinanipasua visigino. Nikalipeleka bafuni, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikasugua magaga yangu mpaka miguu ikawa ya bibi harusi. Nikaliacha palepale kwenye maji ya sabuni.

Jioni nikamwona mama mkubwa anatembea ndani na nje. Aliangalia nyuma ya mlango, akaangalia nyuma ya mtungi, akainama kuchungulia uvunguni. Hakuuliza kitu. Mimi ndiye niliyeuliza anatafuta nini.

"Jiwe langu."

Nililileta likiwa linachuruzika. Akalipokea kwa mikono miwili, akalifuta kwa upindo wa kanga, akalinusa. Kisha akatazama miguu yangu, ambayo siku hiyo haikuwa na pa kujificha.

"Umelisugulia magaga," akasema.

Nilidhani atanigombeza. Alicheka, tena alicheka mpaka akakaa chini, na aliponyamaza akawa anafuta machozi, na nikaona kwamba machozi yale hayakuwa yote ya kicheko. Ndipo aliponieleza lile jiwe ni la nini. Nimeishi nyumba ile kuanzia utoto mpaka nilipokwenda chuo, na sikuwahi kujua.

Baba mkubwa alikuwa dereva wa lori la ushirika. Vita vya Kagera vilipoanza, magari ya raia yalichukuliwa kwenda kubeba askari na vyakula, na madereva wakaenda na magari yao. Baba mkubwa akaendesha kutoka Pwani mpaka mpakani na kurudi, sijui mara ngapi. Huko kwenye milima breki zilikuwa haziaminiki, kwa hiyo kila aliposimama alishuka na kuweka jiwe nyuma ya tairi. Jiwe aliliokota huko huko, karibu na Bukoba, na alipokuja kurudi moja kwa moja alirudi nalo kwenye kabini. Tulishinda vita, watu wakaimba. Lori likafika Msimbu likikohoa, likaegeshwa, na halikuondoka tena. Giaboksi imekufa, spea hakuna, na nchi haina pesa za kigeni za kuzinunulia kwa sababu zimekwisha kwenye hivyo hivyo vita.

Lori hilo nalikumbuka. Mimi nilipofika tayari lilikuwa mzoga, kuku wanatagia kwenye kabini na sisi watoto tunaendesha safari za Mwanza bila kusogea. Ninachokumbuka pia ni baba mkubwa mwenyewe, amekaa kwenye kipandio cha mlango, amevaa kofia yake ya udereva. Nilidhani anapenda pale. Mama mkubwa akaniambia kwamba kila asubuhi alivaa ile kofia kwa sababu aliahidiwa spea zinakuja. Aliambiwa mwezi ujao. Miaka ikapita na bado ni mwezi ujao. Hakulima, maana spea zikija atakuwa shambani. Hakutafuta kazi nyingine, maana yeye ana lori.

"Watu walisema mume wangu mvivu, anakaa tu," mama mkubwa akasema. "Alikaa, mwanangu, lakini hakupumzika hata siku moja. Alikuwa anasubiri. Kusubiri kulimla akabaki mifupa."

Na yeye? Yeye alikuwa na watoto wadogo na nyumba isiyo na kitu. Miaka ile sabuni ilikuwa hadithi. Naikumbuka harufu ya mashati yaliyofuliwa kwa majani ya mpapai, na povu lake la kijani. Ikisikika kwamba duka la kijiji litaletewa mzigo, labda sabuni, labda chumvi, labda vitenge, watu walikwenda kupanga foleni siku mbili kabla. Hakuna anayeweza kusimama siku mbili, kwa hiyo kila mtu aliweka kitu pale aliposimama: jiwe, tofali, sufuria iliyotoboka. Kitu chako ndiye wewe. Ukirudi mzigo umefika, unasimama nyuma yake, na hakuna wa kukuuliza. Wapo walioweka nazi, na hao walijuta, kwani nazi haikai siku mbili mahali penye watu wenye njaa. Mwingine aliweka boga. Foleni iliposogea alikuta mbegu.

Mama mkubwa alihitaji jiwe, na mawe Msimbu hakuna. Akaenda kwenye lori, akalitoa lile la nyuma ya tairi. Baba mkubwa akang'aka kwamba gari litaserereka.

"Nikamwambia, mume wangu, hilo gari lingekuwa linaserereka tungeshafika Mzenga."

Kijiji kizima kikalijua jiwe lake kwa weusi wake. Na hapo ndipo ulipo ujanja wake, nao ndio ninaouhusudu mpaka leo. Wenzake wengi waliweka vitu vyao kisha wakakaa pale pale kuvilinda, wamejikunyata mchangani, wanapiga miayo na kunung'unika. Yeye aliweka jiwe akarudi nyumbani. Alipalilia, alipika alichokuwa nacho, na mchana alitandika mkeka akanyoosha miguu. Alimtuma mwanawe wa kwanza, ambaye ndiye huyu kaka anayenipigia simu, akatazame mara moja kwa siku kama jiwe bado lipo.

"Lisubiri lenyewe," akasema. "Mimi nina kazi zangu, na nisipokuwa na kazi, nina mkeka wangu."

"Na hakuna aliyewahi kulisogeza?"

"Jiwe la mwenzio huligusi. Watu waliiba mihogo miaka ile, waliiba kuku, waliiba mpaka mlango wa msikiti. Jiwe la foleni, hakuna." Akalizungusha jiwe mapajani. "Mimi niligusa mara moja. La jirani. Nilikuwa nimetoka kujifungua, na sabuni zilikuwa chache. Nikapata mche mmoja, nikaukata, nikampelekea nusu. Akaupokea akasema, nilikuona."

"Ni jirani yupi?"

"Hayo si ya kwako."

Siku zilizofuata nilimwangalia akikaa pale barazani kwa macho mengine. Mimi hufundisha kwamba vita vinagharimu mafuta, bandari na mazao, na wanafunzi wanaandika. Sijawahi kuwaambia kwamba vinachukua watu wazima wenye ufundi wao na kuwakalisha kwenye kipandio cha gari bovu, na kwamba hiyo nayo ni gharama, hata kama hakuna aliyemwaga damu pale. Huyu mwanamke alikataa kukalishwa. Kukaa kwake alikuchagua mwenyewe, na alikuchagua katika miaka ambayo nchi nzima ilikuwa imekalishwa. Nilikuwa najivunia uvivu wangu wa kulala mpaka saa nne. Mbele yake niliona ni wa kitoto.

Kisha vita vya sasa vikaja mpaka barazani kwetu. Mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua, na maua ya korosho yasipopuliziwa salfa mapema yanashikwa na ubwiriunga, ugonjwa unaoyafunika weupe mpaka yakakauka. Kila mwaka mama mkubwa hupuliziwa na jirani mmoja mwenye mashine ya petroli ya kubeba mgongoni. Salfa yake alikuwa nayo tayari, mfuko umekaa chini ya kitanda. Mwenye mashine akaja mwenyewe, mtu mstaarabu, akakaa pembeni ya mkeka akitazama viatu vyake.

"Mama, nikija kwako kwa miti ishirini, petroli ya mashine hailipi. Bei umeisikia. Acha nimalize mashamba makubwa, kikibaki kitu nakuja."

"Lini?"

"Labda mwezi ujao."

Nilimtazama mama mkubwa liliposemwa hilo neno. Uso wake haukubadilika, ila miguu aliyokuwa ameinyoosha aliikunja.

Hapa lazima niseme ukweli. Nilifurahi. Korosho ndizo zinazomweka pale peke yake. Ndizo zinazomlipa mtu wa kumlimia, zinazonunua dawa mwezi ambao wanawe hawakuja. Maua yakifa, hana njia. Atakuja Mkuza bila mimi kutumia hata neno moja la kumlainisha. Nilisogea nyuma ya nyumba nikampigia kaka nikamweleza, naye akasema, "Basi Mungu ametusaidia." Niliposikia maneno yangu yamegeuzwa hivyo na kurudishwa kwangu, niliona vibaya. Nikakata simu bila kuaga.

Nilipozunguka kurudi barazani sikumkuta. Alikuwa chumbani ameshatoa mtandio wake mmoja wa zamani, mwepesi, na mkasi. Akaukunja mara mbili, akaushona ukawa mfuko, akajaza salfa, akaufunga kwenye ncha ya mwanzi mrefu. Akautikisa mara moja uani na vumbi la manjano likatoka taratibu, likatanda.

"Zamani mashine zilikuwepo?" akaniuliza. "Miaka ile ya foleni tulipulizia hivi hivi. Kesho tunaamka saa kumi na moja. Salfa inataka umande, jua likitoka haishiki."

Hivyo ndivyo likizo yangu ya kulala ilivyokwisha. Asubuhi nne mfululizo niliamshwa kwa kugongewa ukuta, nikafunga kanga mdomoni na puani, nikatoka kwenye ubaridi nyuma ya mwanamke wa miaka sabini na kitu aliyekuwa anatembea mbele yangu bila tochi. Majani yalikuwa yamelowa. Alinionyesha mara moja: unainua mwanzi juu ya tawi kwa upande upepo unakotokea, unaugonga kwa kijiti, mara mbili, unasogea. Mimi niliugonga kama nafukuza nyoka, na salfa ikanimwagikia kichwani yote. Macho yakawasha, koo likawasha, nikapiga chafya mpaka mbwa wa shamba la pili wakaanza kubweka. Yeye alikwenda mti kwa mti, tawi kwa tawi, na kila shada la maua likapata kiasi chake. Nilisahau mikono yangu inauma kwa kumtazama tu.

Asubuhi ya tatu alisimama ghafla, akashika shina la mkorosho, kisha akashuka mpaka akakaa kwenye majani. Pumzi ilikuwa inapanda juu juu. Nikatupa mwanzi nikamkimbilia.

"Usiniangalie hivyo," akasema alipoweza kusema. "Napumzika."

Nilikaa naye chini, mkono wangu mgongoni kwake, nikisikia mbavu zinavyokwenda. Nilimwogopea sana. Niliona kwa pamoja mambo mawili ambayo sikutaka kuyaona pamoja, kwamba anaweza, na kwamba hataweza kwa muda mrefu. Alinyanyuka kabla mimi sijataka anyanyuke, na tukamaliza mstari ule. Asubuhi ya nne tukamaliza shamba, isipokuwa matawi ya juu kabisa ambayo mwanzi haukuyafikia. Hayo alisema tuwaachie ndege.

Nilipokuwa nafunga begi langu, mwishoni mwa wiki ya tatu, maua yalikuwa yamesimama, mekundu kidogo na safi, na mashada ya chini yameanza kushika korosho ndogo. Kaka alikuwa amepiga simu mara mbili asubuhi hiyo. Nikaenda barazani, nikakaa kwenye mkeka.

"Mama, wamenituma," nikasema.

"Najua."

"Chumba kipo. Kina dirisha, kina umeme, choo kiko karibu. Hospitali si mbali. Nami ningelala usingizi nikijua uko pale."

"Dirisha linatazama wapi?"

"Ukutani kwa jirani."

Akafikiri. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniuma.

"Huko kwako, wewe ukienda shule asubuhi, mimi nitakaa nisubiri nini?"

Nilikuwa na televisheni, nilikuwa na majirani wazuri, nilikuwa na msikiti mtaa wa pili. Nilifungua mdomo kuvitaja na nikamwona baba mkubwa kwenye kipandio cha lori, kofia kichwani. Nikaufunga. Nikamwambia kwamba kwa nguvu simchukui, na kwamba kaka akigomba atagomba na mimi.

Akaingia ndani. Alikaa huko kwa muda, nikamsikia anafungua sanduku, na alipotoka alikuwa na kitu amekiviringisha kwenye kanga mpya. Akaniwekea mapajani, na kwa uzito wake nikakijua.

"Litangulie," akasema. "Liweke pale chumbani, mlangoni, mahali watu watakapoliona. Usimpangishe mtu. Mwaka huu nina korosho zangu. Siku nikiona sasa basi, nitakuja nisimame nyuma ya jiwe langu."

Nikaushika mkono wake nikaulaza kwenye shavu langu, kitu ambacho sijakifanya tangu nikiwa na miaka minane, na mkono bado ulikuwa unanuka salfa.

"Na usilisugulie magaga," akaongeza.

Nililibeba mapajani njia nzima, kutoka Msimbu mpaka Kibaha, nauli mpya nimelipa, mikono imekufa ganzi. Nilipofika nilifungua chumba cha uani, nikafagia, nikaliweka karibu na kizingiti, upande wake bapa chini. Sikuwa nimekaa vizuri simu ikalia.

"Umekuja naye?" kaka akauliza.

"Hapana. Lakini ameshapanga foleni."

"Foleni gani tena? Mimi nakuuliza mambo ya maana."

"Amenipa jiwe lake nije nalo. Liko mlangoni pa chumba."

Nilisubiri agombe. Nikatazama simu kama imekatika. Nilikuwa nimesahau kwamba huyu, kabla hajawa mtu mzima wa kupanga mambo ya watu, alikuwa mtoto aliyetumwa kila siku kwenda kulitazama.

"Lile jeusi?" akauliza.

"Lile."

"Umeliweka vizuri?"

"Vizuri."

"Basi mtu asiliguse," akasema.